Alama Tatu kwa Mlinzi wa Daraja

Fundi alikuwa mtu wa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyowaonyesha watu njia ya kwake. Akiamkiwa huacha cherehani kwanza ndipo aitikie. Mteja akirudisha shati kwa matusi, Fundi humpa kiti, kisha humuuliza swali lake la miaka yote: "Inabana wapi?" Kwa swali hilo alikuwa amezima ugomvi mwingi kuliko hakimu yeyote. Kwa hiyo Jumatatu ile asubuhi, alipoona kwenye simu kwamba vijana wanamtukana binti yake wa pekee kwa ajili ya mchezo, hakukasirika. Aliwahurumia. Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja mpaka chai ikapoa:

"Wanangu, salaam. Mimi ni baba yake Mama Alama. Matusi hayajengi. Maneno ya mbali huumiza, ya ana kwa ana hulainika. Mwenye jambo na aje nyumbani tuzungumze kama watu. Ukifika kwenye mashine ya kusaga, hesabu nyumba ya tatu, mlango wa bluu. Asubuhi hadi jioni nipo nashona. Karibuni sana. Fundi."

Akabonyeza, ikaenda. Akarudi kwenye cherehani akiwa ameridhika, kama mtu aliyetoka kupatanisha ndugu.

Mama Alama lilikuwa jina la binti huko kwenye skrini. Kazi yake ilikuwa kucheza gemu mpya mpaka mwisho, kisha kuzisema, uzuri wake na ubaya wake, na kuzipa alama juu ya kumi bila huruma kama mwalimu wa hesabu. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, kwa hiyo alirekodi humohumo kwa baba yake, nyuma ya pazia la maua mekundu, katikati ya makoti yanayosubiri vifungo. Alipotaka kuongea aliinua mkono juu ya pazia, na Fundi akasimamisha mguu. Siku nyingine Fundi alisahau, na mlio wa cherehani ukaingia kwenye video. Wafuasi waliupenda. "Leo baba anashona nini?" waliulizana, na binti akawajibu: "Sketi ya shule, tulieni."

Hapo ilikuwa bado raha. Halafu likatoka toleo la tatu la gemu ya Mlinzi wa Daraja.

Watu walikuwa wamelisubiri miaka minne, na lilipofika halikuacha nyumba salama. Waliolipenda walisema hawajawahi kuona mvua kama ile: tone linaanguka kwenye kofia ya chuma ya mlinzi, linateleza, unalisikia. Walisema upanga una uzito, ukikosea, mkono unahisi umekosea. Waliolichukia walisema linaganda kila ukikaribia mnara, na farasi anazama kwenye mawe mpaka tumboni kama aliyeingia kwenye uji. "Umependa, chongo unaita kengeza," mmoja aliandika. "Na wewe huna mashine ya kulichezea, ndiyo maana una uchungu," akajibiwa. Siku nzima ilikuwa hivyo, mamia kwa mamia.

Binti alilicheza siku sita. Akasifu mvua. Akasifu muziki. Akamsema farasi. Kisha akafika kwenye habari ya dada. Katika matoleo mawili ya kwanza mlinzi alikuwa na dada yake juu ya mnara, aliyemwashia taa na kuongea naye vita vikiwa vigumu, na watu wengi walicheza kwa ajili ya sauti ile tu. Katika la tatu, dada hayupo. Ukimtaka, unalipia pembeni.

"Wamemtoa dada wa watu, wakamweka dukani," binti alisema. "Alama tatu."

Ikawa kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Mkali kuliko wote alijiita Chuma. "Miaka minne nimengoja," aliandika. "Futa hiyo tatu kabla hujafutiwa." Na chini ya mwaliko wa Fundi, dakika chache tu baadaye, Chuma huyohuyo aliandika kwa upole: "Asante, mzee. Nitafika."

*

Binti aliyaona saa tisa alasiri, aliporudi kutoka kununua vifungo.

"Baba! Umeandika nini?"

"Nimewakaribisha. Mtu ukimkaribisha, ubishi nusu umekwisha."

"Umewaambia tunapokaa!"

"Sasa watakujaje bila kujua tunapokaa?"

Binti alifuta maneno yale, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Yalikuwa yameshapigwa picha, na picha ilikuwa inatembea. Mama mtu, aliyekuwa dobi wa nyumba ya wageni, alirudi na mgongo unamuuma, akasomewa habari yote akiwa bado na kibeti kwapani. Alikaa juu ya ndoo.

"Fundi," alisema, kwa sababu hata yeye alimwita hivyo, "mimi nilijua naolewa na mpole. Sikujua naolewa na mjinga."

"Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi."

"Wewe hujasikia kelele za mlango. Wewe umewapa mlango wenyewe."

Jumanne picha ya mlango ikatokea kwenye maoni. Hakukuwa na neno lolote. Ulikuwa mlango wao wa bluu, mchana kweupe, na kandambili za Fundi kizingitini, moja imelala ubavu. Mtu alikuwa amesimama hatua tano kutoka nyumbani kwao, akapiga picha, akaondoka zake. Mama mtu alizitazama zile kandambili kwenye skrini, kisha akaenda kuzitazama zenyewe, bado zimelala vilevile. Akaziingiza ndani.

Alikwenda kituo cha polisi na simu ya binti mkononi. Askari wa mapokezi alikuwa kijana mwenye mashavu ya kitoto. Alisoma, akatabasamu.

"Mama, huu ni mchezo. Nani ameumizwa?"

"Unangoja aumizwe ndiyo uandike?"

"Sijasema hivyo. Ila nakushauri kama mwanao." Alimrudishia simu, akapunguza sauti. "Mwambie dada aongeze kidogo. Hata mimi nimelicheza. Kusema ukweli, tatu ni uonevu."

Mama mtu alishuka ngazi za kituo huku masikio yanawaka moto. Njiani alinunua kopo la rangi ya kahawia na brashi. Alilitua mbele ya mumewe bila salamu.

"Paka mlango."

"Nitapaka," alisema Fundi. "Wiki hii nina wateja wanaochukua nguo. Watapotea."

*

Jumatano saa tano asubuhi kijana mmoja alibisha mlango ulio wazi. Shati lake limepigwa pasi, kucha zake safi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita, kaa."

"Nataka suruali. Nimesikia mkono wako ni mzuri."

"Nani amesema?"

"Wengi, mzee. Siku hizi unajulikana."

Fundi akafurahi, jamani. Miaka thelathini kwenye cherehani, na leo ndiyo anaambiwa anajulikana. Akachukua futi, akamzungushia kiunoni. Nyuma ya pazia binti alikuwa amevaa visikizi, akicheza gemu nyingine, anakohoa kikohozi chake cha vumbi la nyuzi.

"Huyo ni nani?" kijana aliuliza.

"Binti yangu. Yupo kazini. Anaipa alama michezo ya kwenye skrini." Fundi aliandika kipimo kwenye daftari. "Kuna mmoja umezua maneno, sijui wa daraja. Unaujua?"

Kijana alishusha macho kwenye daftari.

"Naujua. Wa kwanza nilicheza na kaka yangu. Yeye analinda, mimi namletea mishale. Kaka hayupo tena. Huu wa tatu nimeungoja peke yangu."

"Pole sana, mwanangu. Pole sana." Fundi alimaanisha. Akamgusa bega kabla ya kumpima mguu.

"Sasa, mzee. Mtu akikaa nyuma ya pazia, kitu kama hicho akakipa tatu, utamwambiaje?"

"Nitamuuliza, inabana wapi?"

"Na kama haibani popote?"

"Nguo isiyobana popote sijawahi kuishona. Hata ya bwana harusi hubana." Fundi akacheka peke yake. "Nasikia wamemtoa dada yake mlinzi. Hilo halikubani wewe?"

Kijana aliangalia pazia. Alipojibu, sauti ilikuwa ndogo, karibu ya mtoto.

"Hilo linabana." Kisha uso ukafunga. "Lakini mtu huwezi kulisema mbele za watu. Ukisema, wanasherehekea wale wanaotuchukia. Jumamosi itakuwa tayari?"

"Jumamosi njoo uijaribu, nikuwekee pindo."

Alilipa yote mapema, akakataa chenji. Aliaga kwa heshima. Fundi alimsindikiza mpaka kizingitini, kama alivyowasindikiza wote.

Nusu saa baadaye, binti alitoka nyuma ya pazia ameshika simu kwa mikono miwili. Akampa baba yake miwani, akampa simu. Chuma alikuwa ameandika:

"Mzee amenipima. Mkono unamtetemeka kidogo akifika kiunoni. Pazia ni la maua mekundu. Binti anakohoa. Jumamosi nafuata suruali yangu. Nani twende naye?"

Na chini yake: mimi. Mimi. Mimi. Mimi pia. Fundi alizishusha kwa kidole mpaka kidole kikachoka, na hizo "mimi" hazikuisha.

"Alinipa shikamoo," alisema.

Kilichomuuma kuliko vyote kilikuwa hicho. Aliuangalia mkono wake wa kulia kama anauona kwa mara ya kwanza. Kweli ulikuwa unatetemeka. Hakuna mteja aliyewahi kumwambia.

Jioni walikaa watatu kuzunguka taa, wakashauriana. Mama mtu alitaka kila mtu ahamie kwa shangazi. Binti alisema yeye akiondoka, watakaokutwa ni wao. Kisha akasema jambo alilokuwa amelimeza tangu Jumatatu.

"Naweza kuibadilisha. Naandika nane, yanakwisha."

"Ni nane?" baba yake aliuliza.

"Si nane."

"Ni ngapi?"

"Tatu, baba. Siku sita nimeicheza. Ni tatu."

"Basi usiseme nane. Mimi nikimwambia mteja shati limemkaa na halijamkaa, kesho nitamwambia nini akanisadiki?" Alikata uzi kwa meno. "Na kitambaa cha yule kijana nimeshakikata. Amelipa. Nitakishona."

"Ukishone!" Mama mtu alitupa mikono. "Mungu wangu, mtu huyu atamshonea mchawi kanzu."

Lakini hata yeye hakuwa na la kufanya. Aliomba ruhusa kazini kwa ajili ya Jumamosi, akanyimwa. Wageni wamejaa, shuka ni nyingi, na anayeona kazi ngumu mlango uko wazi. Aliondoka asubuhi, akageuka mara tatu kabla ya kufika kwenye mashine ya kusaga.

*

Walikuja wanne, saa nne asubuhi, jua limewaka. Waliamkia. Walivua viatu bila kuambiwa. Wawili walikaa kwenye benchi, mmoja akaegemea mlango, na wote watatu walikuwa wameshika simu zimeelekea mbele. Chuma aliingia nyuma ya ubao wa kubadilishia nguo, akatoka amevaa suruali yake mpya.

"Imekukaa," alisema Fundi.

"Pindo, mzee."

Pindo huwekwa kwa magoti. Fundi alipiga magoti, akajaza pini midomoni kama kawaida ya mafundi, akakunja kitambaa juu ya kisigino, akachoma ya kwanza.

"Juu kidogo."

Akatoa, akakunja upya.

"Chini."

Akatoa.

"Juu. Bado. Rudia, mzee. Si unapenda wateja waseme?"

Mara ya tano mkono ulianza kutetemeka, na simu zikasogea kuufuata. Aliyekuwa mlangoni alicheka kwa pua. "Uliza basi lile swali lako. Tumetoka mbali kuja kulijibu." Fundi hakuweza kuuliza kitu, midomo imebana pini sita.

"Nakujibu hivyohivyo," alisema Chuma. "Inabana kwenye tatu."

Binti alikuwa nyuma ya pazia, ameshika mdomo wake mwenyewe ili asikohoe. Alikuwa ameahidi hatatoka. Kupitia tundu la pazia aliuona utosi wa baba yake, mvi na chaki, chini ya goti la mtu wa umri wa bintiye. Mara ya saba alitoka.

"Mwacheni baba yangu."

Chuma aliinua mikono. "Kuna aliyemgusa? Mzee, tumekugusa?"

Ni kweli, hakuna aliyemgusa. Simu zote zikamgeukia binti.

"Unataka nini?" alimuuliza Chuma.

"Alama. Uliitoa mbele ya watu, irekebishe mbele ya watu."

"Wewe mwenyewe ulisema dada anabana. Baba aliniambia."

Wenzake walimtazama. Chuma akageuka rangi, na binti akaona kosa lake. Yule mtu hakuwa na njia tena ya kurudi nyuma.

"Mzee hasikii vizuri," Chuma alisema polepole. "Mzee, simama. Hapana, baki hapohapo. Rudia pindo."

Fundi alimwangalia binti yake kutoka chini. Hakuweza kusema, lakini alitikisa kichwa, mara moja, kukataa. Kisha akainama kwenye kisigino, na mkono ukakosa, pini ikaingia kidoleni mwake, na tone la damu likaingia kwenye kitambaa kipya.

"Kumi," alisema binti.

"Juu ya ngapi?"

"Kumi juu ya kumi."

Wakapiga makofi. Wakazima simu. Chuma hakupiga makofi. Alivua suruali nyuma ya ubao, akaiweka juu ya cherehani ikiwa na pini zake. "Haijakaa bado. Nitaifuata Jumamosi ijayo." Wenzake nao wakataka suruali, mmoja baada ya mwingine. Fundi akawapima wote watatu, akaandika majina waliyompa. Walipotoka walisema, "Asante, mzee." Walivaa viatu vyao taratibu, kizingitini.

*

Mama mtu alikutana na habari alasiri, akitoka kazini, kwenye mashine ya kusaga. Msagaji alikuwa ameiona video, akamwonyesha, akidhani anamsaidia. Alifika nyumbani anahema, akamkuta mumewe anachomoa pini kwenye ile suruali na kuzirudisha moja moja kwenye kijimto chake, kidole kimefungwa kitambaa. Binti alikuwa sakafuni, mgongo ukutani.

Mama aliweka kibeti chini. Alifungua kopo la rangi kwa kijiko, akaanza kuikoroga.

"Kumi umeipata wapi?" Fundi alimuuliza binti.

"Pale ulipopiga magoti."

"Mimi hupiga magoti kila siku. Ndiyo kazi yangu." Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa imechoka tu. "Ishirini kwa siku, thelathini, sikukuu zikikaribia. Hakuna hata mmoja niliyemwambia imekukaa kwa sababu niko chini."

Binti alilia, akanyamaza, akajifuta kwa kipande cha kitambaa. Video ilikuwa imeshaenda kila mahali. Wafuasi wake wenyewe walikuwa wanaandika: amenunuliwa. Ameogopa. Hatumwamini tena. Miaka mitatu ya kazi ilikuwa imekwisha kabla ya adhuhuri.

Aliinuka, akaingia nyuma ya pazia. Fundi aliweka mguu kwenye kanyagio, akaanza kushona pindo la suruali ya Chuma, kwa kile kipimo cha kwanza kilichokuwa sahihi. Baada ya muda mkono uliinuka juu ya pazia. Mguu ukasimama.

"Usisimame, baba," binti alisema. "Leo waisikie."

Fundi alimtazama mkewe. Mama mtu aliacha kukoroga. Cherehani ikaanza tena.

"Mimi ni Mama Alama," sauti ilisema nyuma ya maua mekundu, juu ya mlio ule ambao kila mtu alijua unakotoka. "Asubuhi nilisema kumi. Niliisema kwa sababu ya baba yangu. Sasa nafanya kazi yangu. Mlinzi wa Daraja, toleo la tatu. Mvua yake ni nzuri kuliko zote nilizoziona. Farasi anazama. Dada hayupo, na hata anayenitukana anajua kuwa hayupo. Alama tatu juu ya kumi."

Ikaenda. Mama mtu alirudisha mfuniko wa kopo, akaugonga kwa ngumi mpaka ukaingia. Aliufunga mlango wa bluu, akavuta kiti, akakaa nyuma yake.

Simu ilianza kutetemeka mezani kati ya vifungo, ikatetemeka tena, kisha haikuacha.

"Na Jumamosi wakija?" aliuliza Mama mtu.

"Suruali zao zitakuwa tayari," alisema Fundi, akageuza kitambaa, akaendelea kushona.